Sekela na Baiskeli Iliyokosa Pumzi

Sogeeni karibu, watoto. Nafasi ipo, na aliyekaa nyuma naye asikie.

Palikuwa na mtoto anaitwa Sekela. Alikuwa na miaka sita, na mapengo mawili mbele.

Aliishi na mama yake huko milimani Rungwe, kwenye migomba mingi na ukungu mwingi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Ng'ombe unawasikia, mooo, lakini huwaoni.

Mama yake Sekela alikuwa daktari wa ng'ombe. Ng'ombe akikohoa, anaitwa yeye. Ndama akivimba tumbo, anaitwa yeye.

Na Mama alikuwa na baiskeli ya injini.

Ilikuwa na pedeli kama baiskeli nyingine. Ilikuwa na kengele, na kiti cha nyuma. Lakini katikati ilibeba injini ndogo, ukubwa wa boga. Juu ya injini lilikaa tangi la petroli, jeusi, linang'aa.

Kuiwasha kulikuwa hivi. Mama anabana klachi mkononi, anakanyaga pedeli, kisha anaachia.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga.
Achia klachi.
Ti-ti-ti-ti-ti-ti-tiiii.

Kila siku Sekela alishangaa upya. Chuma hakina mdomo, lakini kinaimba. Hakina miguu, lakini kinapanda mlima.

Sekela naye alikuwa na kazi yake pale nyumbani. Kazi yake ilikuwa nailoni.

Dumu la maziwa likitaka kusafiri, Sekela alikata kipande cha nailoni. Alikiweka kwenye mdomo wa dumu. Kisha alikaza kifuniko juu yake.

Kriki, kriki, kriki.

Hata dumu likianguka, halimwagi tone. Dumu la mafuta ya kupikia, hivyo hivyo. Chupa ya mafuta ya taa, hivyo hivyo. Mjomba Gwakisa, kaka yake Mama, alisema mtoto huyu akipewa nailoni ya kutosha atafunga mvua.

Sekela alipenda sana kusifiwa. Alipenda kupita kiasi, tuseme ukweli.

Basi, Ijumaa jioni Mama alijaza tangi petroli. Akaingia ndani kupika. Sekela akabaki nje na baiskeli.

Akaona kitone cha petroli juu ya kifuniko cha tangi. Kilikuwa kimetoka kwenye kitundu kidogo, kidogo kama tundu la sindano.

"Maskini," Sekela akasema. "Linavuja."

Akakimbia kuleta nailoni. Akaikunja mara mbili. Akaiweka kwenye mdomo wa tangi, akakaza kifuniko.

Kriki, kriki, kriki.

Mama alikuwa ameshasema zamani kwamba tangi la petroli haliguswi na mtoto. Sekela alilikumbuka neno hilo. Alilikumbuka kidogo, akalisukuma pembeni.

Hakumwambia mtu. Alitaka Mama aone mwenyewe asubuhi, amsifu.

Jumamosi asubuhi, simu ikalia.

Alikuwa Bibi Tusajigwe, wa ng'ambo ya bonde. Bibi Tusajigwe aliishi peke yake na ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe huyo aliitwa Kiranja, kwa sababu njiani hakubali kutanguliwa na mtu.

Bibi alikuwa analia. Alisema Kiranja anataka kuzaa tangu alfajiri. Ndama hatoki.

Mama akasema anakuja sasa hivi. Akafunga mkoba wake wa dawa. Akamwambia Sekela kwamba ndama akikwama sana anachoka, na mama yake anachoka. Wanaweza kufa wote wawili.

Kwa miguu, mtu hufika kwa Bibi Tusajigwe mchana. Kwa injini, ni muda wa kuchemsha chai. Na pikipiki zote za kijiji zilikuwa zimeteremka mnadani.

Mama akapanda baiskeli.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga.
Achia klachi.
Ti-ti-ti-ti... pu.
Kimya.

Baiskeli ilifika getini tu, ikasimama.

Mama akairudisha. Akajaribu tena.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga.
Achia klachi.
Ti... pu.
Kimya.

Akajaribu mara ya tatu. Safari hii haikusema hata ti.

Mjomba Gwakisa akatoka nyumba ya jirani. Yeye alikuwa fundi baiskeli. Mkono mmoja ulikuwa na spana, mwingine ulikuwa na ndizi ya kuchemsha.

"Dada," akasema, "chuma chako kina usingizi kuliko wewe ulivyokuwa darasa la tatu."

Mama hakucheka. Alimweleza habari ya Kiranja. Mjomba akaimeza ndizi yake haraka, akapiga magoti.

Kwanza akalitikisa tangi. Chwa, chwa, chwa. Petroli ipo, akasema. Masikio yake hayajawahi kumdanganya.

Kisha akafungua plagi. Plagi ni kidude kidogo kinachokaa juu ya kichwa cha injini. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Akaifuta kwa pindo la shati lake.

Akamwambia Sekela atazame, lakini kwa mbali. Akaifunga waya wake, akaigusisha kwenye chuma. Mama akazungusha pedeli.

Ta.

Cheche ya bluu.

Sekela akafungua mdomo, mapengo yote mawili yakaonekana. Alikuwa ameshaona radi juu ya mlima. Hakujua kwamba kuna radi ndogo pia, inayokaa ndani ya injini.

Ta.

"Ndiyo hiyo," Mjomba akasema. "Kila ti unayosikia, ni cheche moja."

Sekela akajaribu kuhesabu cheche za kutoka pale mpaka kwa Bibi Tusajigwe. Akafika ishirini. Hapo ndipo hesabu yake ilipoishia, na kichwani mwake baiskeli ilikuwa haijatoka hata getini.

 Alijiona mdogo, mdogo sana, na akapenda kujiona hivyo.

Mjomba akairudisha plagi. Mama akapanda.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga.
Achia klachi.
Kimya.

Simu ikalia tena. Bibi Tusajigwe alisema Kiranja amelala chini, na hataki hata kuinua kichwa.

Mjomba akachomoa kwenye injini mpira mwembamba unaoleta petroli kutoka kwenye tangi. Akauweka juu ya kikombe cha bati.

To.
To.
...
Kimya.

Mjomba akakuna kichwa. Tangi limejaa, lakini petroli haiji. Akapuliza mpira. Haukuwa umeziba. Akafungua koki, akaifunga, akaifungua. Petroli haiji.

"Nani kaigusa baiskeli hii?" akauliza.

Moyo wa Sekela ukapiga. Du, du, du.

Aliona nailoni ile, imekunjwa mara mbili, imekaa gizani chini ya kifuniko. Hakujua imefanya nini. Ila alijua kwamba jana baiskeli ilikuwa nzima, na aliyeigusa ni yeye.

"Kuku," Sekela akasema.

Watoto, alisema kuku.

Pale kulikuwa na kuku mweupe anayependa kulala juu ya kiti cha baiskeli. Mjomba akamgeukia. Akamwuliza kama ana leseni. Akamwuliza ni nani aliyemfundisha ufundi. Kisha akamfukuza kwa kofia.

Kwa-kwa-kwa-kwa. Kuku akakimbilia migombani.

Mjomba akacheka kidogo. Sekela hakucheka. Kuku alikuwa amesimama kati ya migomba, anamtazama kwa jicho moja.

Du, du, du.

Mjomba akasema sasa hakuna njia, lazima aifungue kabureta yote, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, kipande kwa kipande. Akatandika kitambaa chini. Akasema itakuwa mpaka saa sita mchana.

Mama akakaa juu ya jiwe. Akafumba macho, akaomba.

Aliomba kwa sauti ya chini, lakini Sekela alisikia. Mama alimtaja Kiranja. Akamtaja ndama, ambaye hana jina bado. Akamtaja Bibi Tusajigwe na nyumba yake ya mtu mmoja.

Mwisho Mama akasema, "Na umbariki Sekela wangu, anayenisaidia kila siku."

Hapo Sekela hakuweza tena.

Akaenda mpaka kwenye jiwe. Miguu ilikuwa mizito, kana kwamba imevaa matope.

"Mama," akasema. "Siyo kuku."

Mama akafumbua macho.

"Ni mimi. Niliweka nailoni kwenye tangi. Nilitaka unisifu."

Mjomba alikuwa ameshika spana hewani. Akaiteremsha. Akakishika kifuniko cha tangi, akakifungua taratibu.

Kriki.
Kriki.
Kri...

Fyuuuuuuuu.

Tangi likavuta pumzi. Lilivuta ndefu, kama mtu aliyezama mtoni akaibuka.

Na kwenye kikombe:

To.
To, to, to.
Chururururu.

Petroli ilikuwa inakuja yenyewe. Hakuna aliyeipuliza, hakuna aliyeivuta.

 Mjomba Gwakisa akavua kofia yake.

"Kumbe linapumua," Sekela akasema, kwa sauti ndogo.

Mama akamwonyesha kile kitundu cha kifuniko. Akamkumbusha kopo la maziwa ya dukani. Hulitoboa matundu mawili, siyo moja. Tundu moja maziwa yatoke, tundu la pili hewa iingie. Hewa isipoingia, maziwa yanakataa kutoka. Na tangi ni vivyo hivyo. Kitundu kile ndicho pua yake.

Mjomba akasema na yeye ana kosa. Angefungua kifuniko tangu mwanzo, wangekuwa wameshafika. Lakini alijivunia masikio yake.

Mama akamtazama Sekela. 

"Uliambiwa tangi haliguswi."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukamsingizia kuku."

"Ndiyo, Mama."

Mama akasema hayo mawili watayazungumza jioni, wakiwa wametulia. Mjomba akaurudisha mpira wa petroli. Mama akafunga kifuniko bila nailoni, akavaa kofia yake ngumu, na kumvika Sekela ya kwake.

"Panda," akasema. "Nitahitaji mtu wa kushika ndoo."

Sekela hakuamini. Akaomba dakika moja. Akachota punje za mahindi, akaenda mpaka migombani, akamwomba kuku radhi. Kuku akala mahindi yote. Basi ikawa imekwisha.

Kanyaga, kanyaga, kanyaga.
Achia klachi.

Ti-ti-ti-ti-ti-ti-tiiii.

Mjomba akabaki nyuma anapunga spana.

Wakateremka bondeni. Wakavuka daraja la mbao. Wakapanda kati ya mashamba ya chai, na ukungu ukaanza kufunguka mbele yao.

Sekela alimkumbatia Mama kiunoni. Alisikiliza kila ti. Radi ndogo, radi ndogo, radi ndogo. Na juu yake tangi linapumua kimya kimya, hakuna anayelisikia.

Bibi Tusajigwe alikuwa amesimama njiani, khanga imemwanguka begani. Sekela akamwamkia shikamoo. Bibi akaitika marahaba huku ameshageuka, anawaongoza bandani.

Kiranja alikuwa amelala juu ya majani makavu. Tumbo lake lilikuwa kubwa kama kilima. Alikuwa anahema. Hee. Hee. Hee.

Mama akakunja mikono ya shati. Sekela akashika ndoo ya maji ya moto, Mama akanawa kwa sabuni mpaka mabegani.

Kisha Mama akapapasa ndani, polepole. Akasema mguu mmoja wa ndama umekunjika nyuma, ndiyo maana hapiti. Akafumba macho, kwa sababu mle ndani macho hayasaidii. Akaunyoosha mguu.

Kiranja akasukuma. Mama na Bibi wakavuta.

Kiranja akasukuma tena. Wakavuta tena.

Sekela akaona kwato mbili. Akaona pua. Akaona kichwa chenye doa jeupe.

Shuuu. Ndama akateleza, akalala chini.

Alikuwa mzima wote. Alikuwa na masikio mawili, na kope, na mkia wenye kishungi. Lakini hakuwa anapumua.

Bibi Tusajigwe akaweka mkono mdomoni.

Mama akapangusa pua ya ndama, na mdomo wake. Akachukua majani makavu, akaanza kumsugua mbavu kwa nguvu.

"Sekela," akasema bila kuinua kichwa. "Chukua unyasi. Mtekenye puani."

 Akaokota unyasi mmoja mrefu. Akauingiza kwenye kitundu cha pua, polepole.

Akatekenya.

Kimya.

Akatekenya tena. "Ee Mungu," akasema moyoni, "huyu hana kosa lolote. Kosa lilikuwa langu."

Kimya.

Akatekenya mara ya tatu.

Chwii!

Ndama akapiga chafya, akamlowesha Sekela uso mzima.

Kisha mbavu za ndama zikainuka. Zikashuka. Zikainuka. Zikashuka.

Fuu. Haa. Fuu. Haa.

  Sekela alipiga magoti palepale, na unyasi mkononi, anatazama zile mbavu.

Dakika ile pumzi haikuwepo. Dakika hii ipo.

"Imetoka wapi?" akauliza.

Bibi Tusajigwe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akasema imetoka kwa Mungu, mjukuu wangu, kwani kuna duka gani lingine.

Kiranja akageuza kichwa. Akamlamba ndama. Lap, lap, lap. Alimlamba doa jeupe, alimlamba masikio.

Ndama akataka kusimama. Miguu ikaenda huku na huku, akaanguka. Akasimama, akaanguka. Akasimama, akabaki amesimama.

Akatafuta titi la mama yake. Akalipata. Nyu, nyu, nyu.

Bibi akawapikia uji, wakanywa wamekaa mlangoni pa banda, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda mahali ambapo ndama haonekani. Bibi akamwuliza Sekela ndama aitwe nani. Sekela akafikiri sana. Akasema aitwe Pumzi.

Jioni, jua likiwa bado kidogo juu ya migomba, Sekela alioga, akala, akakaa kitandani. Mama akakaa karibu yake, wakazungumza yale mawili.

Kuhusu tangi, Sekela alisema hatagusa tena kitu alichokatazwa, hata kama ana nia nzuri. Mama akasema kama ana nia nzuri, aje aiseme kwanza.

Kuhusu kuku, Sekela alilia. Mama akasubiri amalize. Akasema kuusema ukweli asubuhi ile kulikuwa kugumu kuliko kumtoa ndama. Akasema alimsikia akija kwenye jiwe, na akasikia jinsi miguu ilivyokuwa mizito.

Kisha wakaomba. Sekela akamwambia Mungu mambo yote mawili, ingawa alijua ameshayajua.

Mama akamfunika blanketi.

"Mama," Sekela akasema. "Kabla ndama hajapiga chafya, ile pumzi ilikuwa inangoja wapi?"

Mama akafikiri. Akasema hajui. Amezalisha ng'ombe wengi, na kila mara huwa anajiuliza, na bado hajui.

Sekela akafurahi. Hakujua kwamba kuna kitu ambacho hata Mama hukistaajabia.

Akaweka kidole chini ya pua yake mwenyewe.

Hewa ikatoka, ya vuguvugu.
Hewa ikaingia, ya baridi.
Fuu. Haa.

Hakuiita, ilikuja. Hakuifukuza, ilikwenda, ikarudi.

Akataka kukaa macho aone itafanya nini.

Fuu.
Haa.

Lakini macho yakajifumba, kidole kikateleza kwenye mto, na pumzi ikaendelea na kazi yake bila yeye.